Manase, Yosia na Ayubu: Mateso na Haki ya Mungu katika Maandiko ya Kale ya Kiyahudi na Kikristo

1.0 Utangulizi

Mwaka 609 KK Mfalme Yosia wa Yuda aliuawa huko Megido na Farao Neko wa Misri. Alikuwa na umri wa miaka 39. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinamsifu kuliko wafalme wote waliomtangulia na waliomfuata: alizibomoa madhabahu za miungu migeni, akalitakasa Hekalu la Yerusalemu, na akairejesha sikukuu ya Pasaka kwa namna ambayo haikuwa imeonekana tangu zama za Waamuzi. Hulda, nabii mwanamke, alikuwa amemhakikishia kwamba angefika kaburini kwa amani. Badala yake watumishi wake walimrudisha Yerusalemu akiwa maiti ndani ya gari. Babu yake, Manase, ambaye kitabu hichohicho kinamshutumu kwa kuabudu sanamu, kumpitisha mwanawe motoni na kumwaga damu isiyo na hatia, alitawala kwa miaka 55, muda mrefu kuliko mfalme mwingine yeyote wa nyumba ya Daudi. Alikufa kifo cha kawaida, akazikwa katika bustani ya nyumba yake.

Kwa jamii iliyoamini kwamba Mungu mmoja, mwenye nguvu na mwadilifu, ndiye anayeendesha mambo ya ulimwengu, habari za wafalme hawa wawili hazikuwa habari za kawaida. Zilikuwa kesi. Ikiwa mwema hufa kijana na mwovu huzeeka kitini, ama Mungu si mwadilifu, ama hana nguvu, ama kuna jambo ambalo wanadamu hawajalijua. Mhadhara huu unakusudia kufuatilia namna kesi hiyo ilivyosikilizwa katika maandiko ya Wayahudi na Wakristo kuanzia karne ya saba KK hadi mwishoni mwa karne ya kwanza BK, na kisha kuonesha kwa ufupi namna ilivyofika katika lugha ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba maandiko hayo hayana jibu moja. Kila jibu lilizaliwa na maafa yaliyotokea katika historia, na kila jibu lilipozoeleka lilipingwa na maandiko mengine, ambayo nayo yalihifadhiwa katika mkusanyiko uleule.

Jambo moja la lugha linafaa kutangulizwa. Katika Kiebrania cha Biblia, neno avon lina maana ya uovu, hatia inayotokana na uovu huo, na pia adhabu inayofuata. Kaini anapolalamika baada ya kumuua ndugu yake, wafasiri hushindwa kuamua kama anasema kwamba uovu wake ni mkubwa au kwamba adhabu yake ni kubwa, kwa kuwa neno ni lilelile. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Neno adhabu, lililotoka katika Kiarabu, hutumika kwa hukumu anayopewa mkosaji, na pia kwa taabu ya mtu asiye na kosa lolote: mgonjwa anayehangaika kitandani husemwa kwamba anapata adhabu. Lugha zote mbili, kila moja kwa njia yake, zimeyaweka mateso na hatia karibu mno. Swali la maandiko ya kale ni iwapo ukaribu huo ni wa haki.

2.0 Agano na Laana Zake

Jibu la kwanza na lenye nguvu zaidi ni lile la Kumbukumbu la Torati. Wataalamu wengi wanakihusisha kitabu hicho, au sehemu yake ya kati, na kile kitabu cha sheria kilichopatikana Hekaluni mwaka 622 KK, katika mwaka wa kumi na nane wa utawala wa Yosia. Mafundisho yake kuhusu malipo yamekusanywa katika sura ya 28. Taifa likitii, litapata mvua, mavuno, watoto na ushindi. Lisipotii, litapata ukame, tauni, njaa, kushindwa vitani na uhamisho. Baraka zimechukua aya 14. Laana zimechukua aya 54.

Wingi huo wa laana una chimbuko lake. Mwaka 672 KK Esarhaddon, mfalme wa Ashuru, aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake kwamba wangekuwa waaminifu kwa mwanawe Ashurbanipal. Nakala za mkataba huo zilifukuliwa Nimrud, nchini Iraki, mwaka 1955, na nakala nyingine ikapatikana Tell Tayinat, nchini Uturuki, mwaka 2009. Orodha yake ya laana inafanana mno na ile ya Kumbukumbu la Torati. Kwa mfano, katika zote mbili ardhi inageuka chuma na mbingu inageuka shaba isiyodondosha mvua. Waandishi wa Yuda, nchi iliyokuwa ikilipa kodi kwa Ashuru, waliichukua lugha ya mtawala aliyewatisha, wakaiweka katika kinywa cha Mungu wao. Kwa kufanya hivyo walitangaza kwamba utii wa mwisho haukuwa wa Esarhaddon. Hata hivyo, walipoichukua lugha ya mkataba waliichukua pia mantiki yake: anayepatwa na msiba ndiye aliyevunja kiapo.

Fundisho hili halikuwa la kikatili katika asili yake. Lilimpa mtu mnyonge uhakika kwamba ulimwengu una sheria, na kwamba dhuluma haitapita bila kulipwa. Waswahili husema malipo ni hapahapa duniani, na kauli hiyo ingekubalika kabisa kwa waandishi wa Kumbukumbu la Torati, ambao hawakuzungumzia pepo wala jehanamu. Malipo yote yalipaswa kuonekana kabla ya kaburi, kwa mtu mwenyewe au kwa kizazi chake. Hapo ndipo ilipo nguvu ya fundisho hilo, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake.

3.0 Wafalme Wawili, Historia Mbili

Waandishi wa Kitabu cha Wafalme waliifahamu historia kiasi cha kutoweza kuuficha urefu wa utawala wa Manase wala kifo cha Yosia. Suluhisho lao lilikuwa kuhamisha malipo kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Wanaeleza kwamba pamoja na wema wote wa Yosia, hasira iliyowashwa na Manase haikuzimika, na kwamba maangamizi ya Yerusalemu yalikuwa malipo ya damu aliyoimwaga. Kwa maelezo haya Mungu anabaki mwadilifu, lakini deni la babu linalipwa na wajukuu.

Maelezo hayo hayakumridhisha mwandishi wa Mambo ya Nyakati, aliyeandika baadaye, yapata karne ya nne KK, Yuda ilipokuwa chini ya Uajemi. Yeye alitaka kila mtu alipwe kwa matendo yake mwenyewe. Kwa hiyo, katika simulizi lake, Manase anakamatwa na maakida wa Ashuru, anapelekwa Babeli akiwa na pingu, anatubu, anarudishwa kitini, na anaiondoa miungu migeni. Miaka 55 inapata sababu: mwovu aligeuka kuwa mwema. Yosia naye anapewa kosa. Neko alimwonya kwamba safari yake ilikuwa na amri ya Mungu, lakini Yosia hakusikiliza maneno yaliyotoka kwa Mungu kupitia kinywa cha Farao, akapigwa na wapiga mishale. Kifo nacho kinapata sababu.

Mwanahistoria wa leo anaweza kuyapa matukio hayo maelezo mengine. Maandishi ya Ashuru yanamtaja Manase miongoni mwa wafalme waliotoa vifaa vya kujengea jumba la Esarhaddon huko Ninawi, na tena miongoni mwa waliomuunga mkono Ashurbanipal katika vita vyake dhidi ya Misri. Mfalme aliyelipa kodi kwa wakati aliachwa atawale. Yosia alikufa kwa sababu alisimama katika njia ya jeshi la Misri lililokuwa likienda kuyasaidia mabaki ya dola ya Ashuru dhidi ya Babeli. Maelezo ya namna hiyo, hata hivyo, hayajibu swali lililowasumbua waandishi wa kale. Wao hawakuuliza tu ni nini kilichotokea; waliuliza kama kilichotokea kilikuwa cha haki.

Jambo la kuzingatiwa ni gharama ya jibu la Mambo ya Nyakati. Ili kuiokoa haki ya Mungu, ilibidi mtu aliyeuawa atafutiwe hatia. Mwandishi hakuwa na nia mbaya kwa Yosia; anaeleza hata kwamba Yeremia alimtungia maombolezo. Lakini nadharia ilikuwa imekwisha kutangulia ushahidi. Desturi hii ya kumtafutia marehemu kosa ili walio hai waendelee kuamini kwamba ulimwengu una mpango haikuishia Yuda ya kale.

4.0 Zabibu Mbichi

Mwaka 597 KK Nebukadreza wa Babeli aliwahamisha mfalme na wakuu wa Yerusalemu, na mwaka 587 au 586 KK akauteketeza mji na Hekalu. Miongoni mwa wahamishwa wa kwanza alikuwamo kuhani kijana, Ezekieli. Wahamishwa hao walikuwa na methali iliyowakereketa, nayo inatajwa na Ezekieli na Yeremia pia: akina baba ndio waliokula zabibu mbichi, na meno ya watoto ndiyo yaliyotiwa ganzi. Kwa maneno mengine, nadharia ya Kitabu cha Wafalme ilikuwa imeshuka kutoka kwa waandishi hadi barazani, na huko ikawa malalamiko. Watoto walisema wazi kwamba waliadhibiwa kwa makosa yasiyo yao.

Ezekieli, katika sura ya 18, aliikataza methali hiyo. Kila nafsi, alifundisha, itabeba uovu wake yenyewe: mwana hatabeba wa baba, wala baba hatabeba wa mwana. Fundisho hili lilikuwa ukombozi kwa watu waliojiona wamefungwa na dhambi za Manase. Hata hivyo, lilileta ugumu mpya. Ikiwa kila mtu hulipwa kwa matendo yake tu, basi kila anayeteseka anashukiwa. Deni la mababu lilikuwa dhuluma, lakini angalau lilimruhusu mgonjwa awe mwema.

Waliobaki katika magofu ya Yerusalemu walizungumza lugha nyingine. Kitabu cha Maombolezo kinakiri dhambi, lakini kinakataa kuishia hapo. Kinaonesha watoto wachanga wanaozimia kwa njaa katika njia za mji, na akina mama waliofikia kula watoto wao, kisha kinamtaka Mungu atazame aone ni nani aliyetendewa hivyo. Umbo lake la kishairi ni la nidhamu kali. Sura nne kati ya tano zimepangwa kwa herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, kama ambavyo washairi wa Kiswahili walivyozipanga beti kwa herufi za Kiarabu katika tungo kama Dura Mandhuma. Sura ya mwisho ina aya 22 lakini imeuacha mpango wa herufi. Humo ndimo watu wanamosema kwamba mababu walitenda dhambi na hawapo tena, na wao ndio wanaoubeba uovu wao. Methali aliyoikataza Ezekieli bado ilikuwa hai midomoni mwa wenye njaa.

Kutoka katika uhamisho huohuo lilizuka pia wazo la tatu. Mashairi ya Isaya 40 hadi 55, yaliyotungwa katika zama za kuinuka kwa Koreshi wa Uajemi, aliyeingia Babeli mwaka 539 KK, yanamweleza mtumishi wa Mungu aliyedharauliwa na kupondwa. Watazamaji walidhani kwamba amepigwa na Mungu kwa makosa yake. Baadaye wakatambua kwamba aliyabeba ya kwao. Kwa mara ya kwanza mateso ya asiye na hatia hayakuhitaji kufichwa wala kutafutiwa kosa. Yalipewa kazi. Mtumishi huyo ni nani, kama ni taifa zima, nabii au mtu mwingine, shairi halisemi, na ukimya huo ulikuja kuwa na matokeo makubwa.

5.0 Ayubu Anayelalamika

Kitabu cha Ayubu, ambacho wataalamu wengi wanakiweka baada ya uhamisho, kati ya karne ya sita na ya nne KK, hakikuwa cha kwanza Mashariki ya Kati kulizungumzia jambo hili. Huko Babeli, karibu mwaka 1000 KK, mshairi alitunga majadiliano kati ya mtu anayeteseka na rafiki yake mchamungu, katika beti 27 zenye mistari 11 kila moja, na herufi za mwanzo wa beti zikilitaja jina la mtunzi. Waebrania waliupokea mjadala huo na kuuongezea ukali, kwa kuwa wao hawakuwa na miungu wengi wa kugawana lawama.

Kitabu kimejengwa kwa tabaka mbili. Sura mbili za kwanza na aya 11 za mwisho ni hadithi ya nathari: tajiri mwema wa nchi ya Usi anapoteza mali, watoto na afya, anavumilia, na analipwa. Katikati, kuanzia sura ya tatu, ni ushairi mzito, uliojaa maneno yasiyopatikana popote pengine katika Biblia. Katika nathari, Shetani si jina la mtu. Kiebrania kinaliweka neno hilo pamoja na kiarifu, na maana yake ni mshitaki, ofisa wa baraza la mbinguni ambaye kazi yake ni kuwatia watu mashakani. Anauliza swali moja tu: je, Ayubu anamcha Mungu bure? Swali hilo linagusa mzizi wa fundisho la malipo. Ikiwa wema hulipwa daima, hakuna awezaye kujua kama kuna wema wowote duniani, au ni biashara tu.

Matini yenyewe inaonesha hofu ya waandishi mbele ya jambo hili. Mke wa Ayubu anapomshauri amlaani Mungu afe, Kiebrania kinasema ambariki. Waandishi walitumia tafsida, kwa kuwa kuliandika neno laana kando ya jina la Mungu kulikuwa kukiogopesha hata katika kinywa cha mhusika. Lakini walewale walioogopa neno moja hawakuogopa kuziandika sura nzima ambamo Ayubu anamshitaki Mungu kwa kuitia dunia mikononi mwa waovu na kuzifunika nyuso za waamuzi. Katika sura ya 24 malalamiko yake yanavuka mipaka ya mwili wake mwenyewe. Anawataja maskini walalao uchi bila nguo za kujikinga na baridi, wanaobeba miganda huku wana njaa, na wanaokanyaga mashinikizo ya divai huku wana kiu. Ayubu ameacha kuuliza kwa nini yeye. Anauliza kwa nini hao.

Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanaanza vizuri. Wanakaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jambo jema zaidi wanalolifanya. Wanapofungua vinywa wanazitetea kanuni za Kumbukumbu la Torati na za Mithali kwa ufasaha, na kadiri Ayubu anavyokana hatia ndivyo wanavyozidi kumtafutia. Katika sura ya 22 Elifazi anafikia kuzitaja dhambi zenyewe: Ayubu amewavua maskini nguo, amewanyima wenye kiu maji, amewafukuza wajane mikono mitupu. Hana ushahidi wowote. Amezipata dhambi hizo kwa kuanzia kwenye majipu na kurudi nyuma, njia ileile iliyotumika kumpatia Yosia kosa.

Mungu anapojibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hataji dhambi yoyote ya Ayubu, wala hamweleze habari za mshitaki. Anamwonesha misingi ya dunia, maghala ya theluji, mbuni, farasi wa vita, na mvua inyeshayo jangwani pasipo mtu. Wasomaji wametofautiana sana kuhusu jibu hili. Wengine wameliona kuwa faraja, wengine kuwa kiburi cha mwenye nguvu. Hata maneno ya mwisho ya Ayubu, katika sura ya 42 aya ya sita, hayana tafsiri ya hakika. Kitenzi cha kwanza chaweza kumaanisha kukataa, kujidharau au kuyeyuka, na cha pili kutubu au kufarijika. Jambo moja tu halina utata. Katika aya inayofuata Mungu anawakasirikia marafiki kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Waliomtetea Mungu wamehukumiwa, na aliyemlalamikia ametetewa.

Mwisho Ayubu anapewa maradufu: kondoo 14,000 badala ya 7,000, ngamia 6,000 badala ya 3,000. Sheria ya Kutoka 22 inamtaka mwizi aliyekutwa na mnyama hai alipe maradufu, na baadhi ya wasomaji wameona katika hesabu hiyo kejeli ya chini kwa chini. Watoto hawakuongezwa maradufu. Walikuwa kumi, wakazaliwa kumi wengine. Wale wa kwanza hawatajwi tena.

6.0 Wafia Dini na Maisha ya Baadaye

Mwaka 167 KK Antioko wa Nne, mfalme wa Shamu wa ukoo wa Seleuko, alilinajisi Hekalu na kuipiga marufuku torati. Waliowatahiri watoto wao waliuawa. Waliokula nyama ya nguruwe walisalimika. Hapo kanuni ya Kumbukumbu la Torati haikupindishwa tu, bali ilipinduliwa juu chini: utii ndio ulioleta kifo, na uasi ndio ulioleta uhai. Hakuna mwandishi aliyeweza kudai kwamba waliouawa walikuwa na hatia ya siri, kwa kuwa kila mtu alijua walichouawa kwa ajili yake.

Kutoka katika dhiki hiyo imani ya ufufuo ilipata sauti iliyo wazi. Danieli 12, iliyoandikwa katika miaka hiyohiyo, inasema kwamba wengi walalao mavumbini wataamka, wengine kwa uzima na wengine kwa aibu. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinawaonesha ndugu saba wakiteswa mmoja baada ya mwingine mbele ya mama yao, naye akiwatia moyo kwamba Muumba atawarudishia pumzi yao. Hesabu ambayo haikuweza kufungwa duniani ilihamishiwa katika daftari jingine. Ufufuo, kwa hiyo, haukuanza kama faraja kwa wanaoogopa kufa. Ulianza kama dai la haki kwa niaba ya waliouawa.

Jibu hili jipya lilirudi nyuma na kuvibadilisha vitabu vya zamani. Tafsiri ya Kiyunani ya Ayubu, ambayo katika umbo lake la awali ni fupi kuliko Kiebrania kwa takriban moja ya sita, inaongeza mwishoni kwamba Ayubu atafufuka pamoja na wale ambao Bwana atawafufua. Kitabu kingine cha Kiyunani, Wasia wa Ayubu, kilichotungwa kati ya karne ya kwanza KK na ya kwanza BK au baadaye kidogo, kinakwenda mbali zaidi. Humo Ayubu anaambiwa mapema kwamba Shetani atampiga na kwamba akivumilia atalipwa. Mke wake, aitwaye Sitisi, anauza nywele zake kwa Shetani aliyejigeuza mwuza mikate, ili ampatie mumewe chakula. Hadithi inavuta machozi, lakini swali limeondolewa. Anayejua sababu na malipo ya mateso yake hana haja ya kulalamika. Huyu ndiye Ayubu anayetajwa katika Waraka wa Yakobo, sura ya tano, kama kielelezo cha uvumilivu.

7.0 Baada ya Mwaka 70 BK

Warumi walipolibomoa Hekalu la pili mwaka 70 BK, mjadala ulifunguliwa upya. Karibu na mwaka 100 BK mwandishi wa Kiyahudi aliyejivika jina la Ezra alimwuliza Mungu iwapo matendo ya Babeli, yaani Rumi, ni bora kuliko ya Sayuni. Malaika Urieli anamjibu kwa mafumbo: apime uzito wa moto, au aupime upepo. Ezra hanyamazi. Anasema ingekuwa heri kutokuwapo kuliko kuishi, kuteseka na kutojua sababu. Kiebrania cha kitabu hicho kimepotea. Kimesalia kwa lugha nyingine, zikiwamo Kilatini, Kisiria na Kigeezi, na Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko Matakatifu hadi leo.

Wafuasi wa Yesu walikuwa na tatizo lao mahususi: waliyemwamini kuwa Masihi aliuawa kwa adhabu ya watumwa na waasi. Walikigeukia kile kifungu cha Isaya 53. Matendo ya Mitume, sura ya nane, inasimulia habari za ofisa wa malkia wa Kushi, ile nchi ya mto Nili kusini mwa Misri, aliyekuwa akikisoma kifungu hicho garini katika barabara ya Gaza. Akauliza kama nabii alisema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine. Swali la msomaji huyo wa Kiafrika ndilo swali lililoachwa wazi na shairi, na Wakristo walilijibu kwa jina la Yesu.

Katika Injili, nadharia ya malipo inakataliwa waziwazi zaidi ya mara moja. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18, Yesu anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, ingawa anawataka wasikilizaji watubu. Kwa mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali lao linabeba Ezekieli na zabibu mbichi kwa pamoja, na jibu ni kwamba si huyu wala si wale. Lakini hata hapa mwelekeo wa kulainisha unaonekana. Katika Injili ya Marko, iliyo ya kwanza kuandikwa, Yesu anakufa akilia kwa maneno ya Zaburi ya 22 kwamba Mungu wake amemwacha. Luka, aliyemtumia Marko kama chanzo, anakiondoa kilio hicho na kuweka maneno ya utulivu kutoka Zaburi ya 31. Mambo ya Nyakati yalivyokifanyia Kitabu cha Wafalme, ndivyo Luka alivyomfanyia Marko. Kanisa lilivihifadhi vyote viwili. Hata katika Ufunuo, kitabu chenye uhakika mkubwa wa ushindi, roho za waliouawa zipo chini ya madhabahu zikiuliza mpaka lini.

8.0 Ayubu wa Waswahili

Katika pwani ya Afrika Mashariki Ayubu alifika kwanza kwa njia ya Uislamu. Kurani inamtaja mara nne, na inamsifu kwa kusubiri. Masimulizi ya mitume, kama yale yaliyokusanywa na al-Thalabi aliyefariki mwaka 1035, yaliongeza habari za mke wake mwaminifu, Rahma. Mkasa wa nywele zilizouzwa kwa ajili ya mkate, uliokwisha kuonekana katika Wasia wa Ayubu, unapatikana pia katika masimulizi hayo. Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1920 na kuhaririwa tena na J. W. T. Allen mwaka 1971, umo katika mkondo huu. Ni Ayubu wa subira, naye ameingia katika lugha ya kila siku pamoja na methali zisemazo kwamba subira huvuta heri na kwamba subira ni ufunguo wa faraja.

Ayubu wa sura ya tatu hadi ya 31, anayeilaani siku aliyozaliwa na kudai kesi, alipata Kiswahili kupitia tafsiri za Biblia, ikiwamo ya Roehl ya mwaka 1937 na Union Version ya mwaka 1952. Wafasiri walikabiliwa na maamuzi mazito. Neno goeli la sura ya 19, kwa mfano, linamtaja ndugu wa karibu mwenye wajibu wa kukomboa shamba la jamaa au kulipiza damu yake. Anayesema mkombozi anamwelekeza msomaji kanisani. Anayesema mteteaji anamwelekeza mahakamani. Muktadha wa Ayubu ni wa mahakama.

Kwa hiyo Kiswahili kina Ayubu wawili, na si haki kumfanya mmoja kuwa wa Waislamu na mwingine wa Wakristo. Mkristo wa kawaida naye humjua Ayubu wa Waraka wa Yakobo kuliko Ayubu wa mashairi. Subira ni fadhila kubwa, na jamii nyingi zimeishi kwa hiyo. Lakini subira inapohubiriwa na aliyeshiba kwa mwenye njaa, hugeuka kuwa hoja ya Elifazi.

9.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba maandiko ya kale yalilijibu swali la mateso kwa njia nyingi: malipo ya taifa, deni la mababu, hatia ya kila nafsi, mateso kwa ajili ya wengine, fumbo la uumbaji, na ufufuo. Hakuna jibu lililolifuta jingine. Waliokusanya maandiko hayo waliviweka Wafalme na Mambo ya Nyakati, Mithali na Ayubu, Marko na Luka katika mkusanyiko mmoja, na huenda uamuzi huo wa kutoinyamazisha sauti yoyote ndiyo hekima yao kubwa kuliko zote.

Kwa mwanafunzi wa lugha, somo linarudi kwenye msamiati. Kiswahili humpa mtu anayetazama mateso ya mwenzake maneno matatu ya kuchagua. Akisema adhabu, amekwisha kutaja kosa, hata kama hakukusudia. Akisema mtihani, amedai kuijua nia ya mtahini, kama msimulizi wa sura mbili za kwanza za Ayubu. Akisema msiba, neno ambalo katika asili yake ya Kiarabu ni kitu kilichompata mtu, amesema tu kwamba mwenzake amepigwa, wala hakuongeza lolote. Marafiki wa Ayubu walikaa na msiba kwa siku saba. Siku ya nane waliuita adhabu, na kwa hilo wakahukumiwa.